Kichwa Tu

Mama yangu alikuwa fundi cherehani mjini Tanga, na kila mtoto wa nyumba yetu alijua maana ya khanga iliyokazwa kuzunguka paji la uso. Siku hiyo cherehani halilii, redio inazimwa, na jirani akianza kukaanga samaki madirisha yanafungwa. Mgeni akibisha hodi na kuuliza mama ana nini, tulijibu kama tulivyofundishwa: "Kichwa tu."

Hilo "tu" nililirithi pamoja na kichwa chenyewe. Nilianza kuumwa mwaka 2004 nikiwa kidato cha pili, na jina la ugonjwa wangu nikaambiwa mwaka 2016. Hapo kati kuna miaka 12 ya kutibiwa kila kitu isipokuwa kile nilichokuwa nacho. Haya ndiyo niliyojifunza. Namba nimeziweka kwa sababu mimi ni mwalimu wa hesabu na mkono umezoea, si kwa kuwa la kwanza linalizidi la tano.

1. Kina jina, na jina ni la zamani

Ilikuwa kipindi cha kemia, nanakili kutoka ubaoni. Nikaona neno limekatika: mwanzo upo, mwisho upo, katikati hapana kitu. Nikafikicha macho. Lile tundu likapanuka, likaota ukingo wa mwanga unaometameta, umevunjikavunjika mfano wa ule mshono wa zigizaga ambao mama aliupitisha kwenye pindo ili nguo isifumuke. Nikafumba macho, bado naliona. Baada ya kama nusu saa likatokomea pembeni, nikamshukuru Mungu. Sikuwa nimemaliza kushukuru upande wa kulia wa kichwa ulipoanza kudunda, nikatapika mbele ya darasa zima.

Kiswahili kina neno la jambo hili: kipandauso. Wagiriki wa kale walikiita kwa neno lenye maana ya nusu ya fuvu, na humo ndimo jina la Kiingereza lilimotoka. Waarabu wanakiita shaqiqa, neno la shina moja na kupasua kitu nusu kwa nusu, na Ibn Sina alikieleza katika Kanuni yake ya tiba karibu miaka 1000 iliyopita. Kwa hiyo anayeniambia kuwa huu ni ugonjwa wa siku hizi, wa watu wa ofisini, namsikiliza kwa adabu tu.

Kwa mtu mzima asiyetibiwa, kipandauso hukaa kati ya saa 4 na saa 72. Mara nyingi hushika upande mmoja, ingawa wengine hushikwa pande zote mbili. Maumivu hudunda, na ukiinama kuokota chaki yanaongezeka. Huja na kichefuchefu, au mwanga na sauti vinageuka adui, na wakati mwingine hata ngozi ya kichwa haitaki kuguswa: kuna siku nimeshindwa kupitisha kitana. Kile kichwa cha kawaida cha uchovu hubana pande zote kama mkanda, lakini nacho unapika na unafundisha. Kipandauso kinakulaza.

Daktari aliyenipa jina aliniuliza mambo matatu: katika miezi mitatu iliyopita, kichwa kimewahi kukuzuia kufanya shughuli zako angalau siku moja? Kikiuma unasikia kichefuchefu? Mwanga unakuudhi? Mtu anayejibu ndiyo kwa mawili kati ya hayo ana kila sababu ya kuchunguzwa kipandauso. Mimi nilijibu ndiyo matatu kabla hajamaliza la tatu. Dakika 3 hazikufika, baada ya miaka 12.

2. Ugonjwa unaoondoka wenyewe humpa sifa kila aliyesimama karibu

Siku ile ya kemia matroni alinipa vidonge 3 vya SP, dawa ya malaria ya wakati ule. Kesho yake nilikuwa mzima. Ningekuwa mzima hata kwa maji ya mtungi, lakini SP ndiyo iliyokuwa pale, nayo ikachukua sifa. Tangu hapo kila kichwa changu kilikuwa malaria. SP ilipoondoka ikaja ALu. Malaria ilipochosha ikaja taifodi, kisha sainasi, kisha macho: nilivaa miwani miaka miwili, na macho yangu hayakuwa na kasoro.

Nilinywa pia kombe. Bibi yangu alinipeleka kwa mzee mmoja Pangani, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi. Simcheki mzee yule, na senti hakutaka. Alinilaza kwenye chumba chenye giza, akawakataza wajukuu kelele, nikalala kwa saa nne. Nikikumbuka leo naona kwamba, ukiacha mengine yote, alikuwa wa kwanza kunipa sehemu ya matibabu sahihi: giza, ukimya na usingizi.

Kwenye malaria sina haja ya kulaumu mtu. Nchi ambayo malaria inaua, homa na kichwa vinapokutana lazima mtu apimwe. Tatizo langu lilikuwa baada ya kipimo. Sikuwa na homa, kile kipimo cha tone la damu kikisema hapana, na bado natoka na mfuko wa dawa za malaria. Kipimo kikikataa mara tano, na kichwa kikarudi mara ya sita kwa sura ileile, hiyo sura ndiyo ya kuifuata.

Na kama bado unadhani hayo ni maradhi ya Wazungu: watafiti walishapita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Mbulu, karibu na hospitali ya Haydom, wakiuliza wakulima habari za vichwa vyao. Kipandauso walikikuta. Duniani wenye nacho wanakadiriwa kuzidi bilioni 1, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume.

3. Daftari lilijua kuliko mimi

Nilinunua daftari la kaunta, nikapiga mistari: tarehe, saa kilipoanza, usingizi, chakula, hedhi, dawa niliyomeza na saa niliyoimeza. Mwezi wa kwanza nilijiona mjinga. Mwezi wa tatu nikaona jambo ambalo ningempa mwanafunzi sifuri kwa kutoliona.

Vichwa vingi vilikuwa vya Jumamosi. Jumatatu hadi Ijumaa naamka saa kumi na moja, chai ya rangi saa kumi na mbili. Jumamosi najipa raha, nalala mpaka saa tatu, chai saa nne. Ubongo wenye kipandauso hautaki raha ya aina hiyo. Unataka kulala, kuamka na kula kwa saa zilezile, kama mtoto mchanga. Kundi la pili lilikuwa siku mbili kabla ya hedhi hadi siku ya tatu yake, wakati homoni ya estrojeni inaposhuka. La tatu ni siku za kusimamia mitihani, ninapopitiliza chakula cha mchana huku nikijiambia nitakula jioni. Udi nao, hasa kwenye harusi za ukumbini ambako madirisha yamefungwa na spika inapiga kifuani. Hapo nafika, natoa zawadi, nasalimia, naondoka. Wameshanizoea.

Ramadhani ilinisumbua sana. Kichwa kilinijia siku mbili tatu za mwanzo, na nilidhani ni njaa. Daftari likaonyesha chai. Mtu anayekunywa vikombe vitano kwa siku akikatisha ghafla, kichwa kinamdai. Sasa napunguza kikombe kimoja kimoja wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, daku naila mwishomwisho, na maji nayanywa usiku kucha kwa vipindi. Mwaka ambao vichwa vilizidi nilikula siku nne, nikazilipa baadaye. Mgonjwa ana ruhusa yake, na mama ndiye aliyenikumbusha.

4. Nilisingizia ubuyu

Kwa miaka niliapa kwamba ubuyu ndio unaoniumiza. Nikila jioni, asubuhi kichwa. Niliuacha, vichwa havikupungua hata kimoja.

Kumbe mambo yalikuwa kinyume. Kipandauso huanza kabla ya maumivu, wakati mwingine siku nzima kabla: miayo isiyo na usingizi, shingo nzito, hasira za bure, kwenda haja ndogo mara kwa mara, na hamu kali ya chakula fulani. Hamu yangu ni ya kitu kichachu. Ubuyu haukuleta ugonjwa. Ugonjwa ulishaingia, ndio ulionituma dukani. Siku hizi nikijikuta nimesimama kwa muuza ubuyu bila kukusudia, naangalia kama vidonge vimo mkobani.

Ule mwanga wa zigizaga, ambao huwapata wachache wetu, kiasi cha mmoja kati ya watatu au wanne, madaktari wanauita aura. Kwa kawaida kila dalili yake hudumu dakika 5 hadi 60. Mtafiti wa Marekani aliyeitwa Karl Lashley alikuwa nayo, na badala ya kuogopa akaichora na kuipima muda. Mwaka 1941 akaandika kwamba kitu fulani hutambaa juu ya ubongo kwa milimita kama 3 kwa dakika. Miaka mitatu baadaye Mbrazili Aristides Leão akakiona kitu hicho kwenye maabara: wimbi linalopita likizima seli za neva kwa muda. Niliposoma hilo nililia kidogo. Tangu kidato cha pili nilikuwa nikidhani naanza kupofuka.

5. Kidonge kilekile, saa tofauti

Nilikuwa mtu wa kuvumilia. Nilingoja mpaka kichwa kinishinde ndipo nimeze, nikijisifu kwamba sipendi madawa. Daktari akanieleza kwamba kipandauso kikishika, tumbo nalo hulegea na kupunguza mwendo. Kidonge kinakaa humo kama abiria kwenye basi lililokwama njiani, kisha unakitapika.

Sasa nameza maumivu yakiwa bado machanga. Kwangu ni ibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula kidogo, na kichefuchefu kikiwa kikali, kidonge cha metoklopramidi cha miligramu 10 ambacho huzuia kutapika na kulisukuma tumbo. Wenzangu wengine hupona kwa aspirini miligramu 900, wengine kwa parasetamoli gramu 1. Mwenye vidonda vya tumbo au mjamzito asinifuate mimi, aulize kwanza. Na watoto hawapewi aspirini.

Zipo pia dawa za jamii ya triptani, zilizotengenezwa mahsusi kwa kipandauso. Ya kwanza, sumatriptani, ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kuingia orodhani na kufika hapa kwangu Morogoro ni safari mbili. Maduka matatu ya dawa hayakuwa nayo. La nne walikuwa nayo, nikasikia bei, nikaomba kiti. Naiweka kwa zile siku ambazo ibuprofeni imeshindwa.

6. Dawa zikizidi zinakuwa ugonjwa

Mwaka 2015 nilikuwa nameza kitu karibu kila siku. Asubuhi viwili, kujikinga tu. Daktari alipolifungua daftari langu aliiruka safu ya maumivu na kuhesabu safu ya dawa: siku 22 katika mwezi mmoja.

"Mwalimu, hapa kuna vichwa viwili," akasema. "Kimoja ulizaliwa nacho. Cha pili unakinunua dukani."

Hesabu yake ni hii. Mwenye kipandauso akitumia parasetamoli, aspirini au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe huanza kuzaa kichwa. Kwa triptani, vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa kadhaa, na dawa kali za jamii ya afyuni kama tramadoli, mpaka ni siku 10. Vile vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa viwili viwili vibandani, vingi vyenye kafeini ndani, ndivyo vilivyokuwa karanga zangu.

Niliacha. Siku kumi za mwanzo sitaki kuzisimulia. Nilichukua likizo bila malipo na dada yangu akahamia kwangu. Wiki ya nne nikaamka Jumatano na kugundua kwamba kichwa kipo shingoni na hakisemi kitu. Sheria yangu ya sasa ni siku mbili za dawa kwa wiki, basi.

7. Dawa ya "vichaa"

Vichwa vikizidi vinne kwa mwezi, au vikiwa vichache lakini vinakuangusha, kuna dawa za kuzuia, za kumeza kila siku uwe unaumwa au huumwi. Watu wengi huanzishiwa propranololi, ambayo asili yake ni ya moyo na presha. Nilikuwa na pumu utotoni, hivyo hiyo kwangu ilikuwa mwiko. Nikapewa amitriptilini, miligramu 10 kila usiku.

Jirani yangu akaisoma paketi, akaitafuta kwenye simu, akarudi na macho makubwa: "Dada, hii si dawa ya vichaa?" Ni dawa ya sonona, kweli, ila kwa dozi ndogo hutuliza pia njia za maumivu. Mwezi wa kwanza ilinipa mdomo mkavu na usingizi wa mawe, faida hakuna. Nilitaka kuitupa. Wiki ya nane vichwa vikashuka kutoka tisa hadi vitatu kwa mwezi. Hizi dawa zinadai miezi miwili mitatu ya subira kabla hujazihukumu, na hakuna aliyeniambia hilo siku ya kwanza. Nakwambia wewe.

Swali lingine la daktari yule lilinishtua: unatumia uzazi wa mpango gani? Nilikuwa kwenye vidonge vya majira vyenye homoni mbili. Mwanamke mwenye kipandauso chenye aura hatakiwi kutumia njia yenye estrojeni, kwa sababu hatari ya kiharusi, ndogo kwa umri wetu, inaongezeka. Nilihamia kijiti, ambacho hakina estrojeni. Miaka minane nilikuwa nikichukua vidonge vile kliniki, na mimi mwenyewe sikuwahi kutaja kichwa. Kilikuwa kichwa tu.

8. Si kila kichwa ni changu

Kulijua jina kulinipa kiburi. Mwalimu mwenzangu aliposhikwa na kichwa kikali nilimpeleka chumba cha walimu, nikafunga pazia, nikampa dawa zangu. Mlinzi wa shule, mzee asiyesoma kitabu chochote cha tiba, ndiye aliyemgusa akasema: "Huyu anaungua, na shingo haikunjiki." Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alifika hospitali mapema, akapona. Mimi bado sijapona aibu.

Kwa hiyo: kichwa kinacholipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja, cha aina usiyowahi kukijua, kichwa chenye homa na shingo ngumu, kinachokuja na mkono kulegea, mdomo kupinda, kuchanganyikiwa au degedege, kilichofuata kuanguka au ajali, kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50, kwa mjamzito, au kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Hivyo havingoji asubuhi wala daftari.

9. Kazini

Mkuu wa shule wa zamani aliniambia sote tunaumwa kichwa. Sikubishana naye, nilimpelekea barua ya daktari na ratiba mbadala niliyoiandaa mwenyewe, inayoonyesha nani atashika vipindi vyangu na mimi nitavilipa lini. Barua hakuisoma. Ratiba aliisoma.

10. Dawa yangu si ya mama

Mwaka jana mama alikuja kukaa nami. Ana miaka 66 sasa, vichwa vimepungua tangu hedhi ilipokoma, kama inavyowatokea wengi. Jioni moja alikuwa ananitengenezea pindo la sare, nikamuuliza jambo ambalo kwa namna fulani sikuwahi kumuuliza: kabla ya kichwa, mama, ulikuwa unaona nini?

Mguu ukasimama kwenye kanyagio. Akaangalia nguo mkononi, akapitisha kidole juu ya mshono wa zigizaga, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hii," akasema. "Inawaka. Na wewe?"

"Na mimi."

"Mbona hukusema?"

Nikacheka, naye akacheka, kwa sababu swali lile lilikuwa letu wote wawili. Kisha akanyoosha mkono: basi nipe na mimi hizo dawa zako nzuri. Ilinibidi nimkatalie mama yangu. Ana presha ambayo bado haijatulia, na triptani huibana mishipa ya damu; mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye presha isiyodhibitiwa hapewi. Hata ibuprofeni haimfai, inapandisha presha na kuzielemea figo. Nikampa parasetamoli, nikamwandikia daftari lake, nikamwambia Jumatatu tunakwenda kliniki pamoja, na safari hii neno "tu" lisitajwe mbele ya daktari.

"Na Jumamosi na Jumapili je?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Akachukua khanga kwenye kiti, akaikunja mara tatu, akaikaza.